Namna ya Kutumia Nguvu za Dharura Kumnasua Aliyebanwa na Ukuta
Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar huweza kuanguka bila ya kubisha hodi, kama ilivyotokea kwa sehemu ya jumba la kale la Beit al-Ajaib tarehe 25 Disemba 2020. Katika hatari hiyo tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, maumivu hufifia, na misuli hutoa nguvu tusizozizoea.

Nguvu hizo ni za kweli lakini hazidumu. Hakikisheni kwanza kwamba ukuta uliobaki hauyumbi. Mmoja ahesabu, kisha nyote mnyanyue kipande kilichombana mtu kwa nguvu za miguu, migongo ikiwa imenyooka, huku mkipiga ukelele, kwani jaribio la watafiti Ikai na Steinhaus la mwaka 1961 lilionesha kwamba ukelele huongeza nguvu za mkono. Mtarimbo ukipatikana utumieni. Kwangu mimi unashinda ushujaa wowote. Kila upenyo unapopatikana, mwengine atie gogo chini, maana mikono hulegea ghafla.

Aliyebanwa muda mrefu asitolewe kabla ya kushauriana na daktari, kwa sababu sumu za misuli iliyopondeka huweza kusimamisha moyo pindi uzito unapoondoka. Waokoaji nao wachunguzwe, kwa kuwa aliyechanika msuli huenda asihisi hadi usiku.