Mambo ya kuzingatia kabla ya kuvuka Ulaya kwa msafara wa magari

Kila mwaka ifikapo Machi huanza kupokea simu za ndugu na jamaa ninaoishi nao huku Ujerumani, wakitaka kujua namna ya kupanga safari ya magari kadhaa kwenda Ugiriki kwa kupitia nchi za Balkani, ambako bado kuna barabara za kokoto na milima inayofaa gari la foo-wili. Maswali yao mengi huhusu matairi, winchi na mahema ya juu ya gari. Vitu hivyo vina umuhimu wake, lakini katika safari nne nilizokwenda sijaona matope yakivunja msafara. Nilichokiona kikiuvunja ni kibandiko kimoja ndani ya pasipoti.

Idadi ya magari isizidi matano. Yakiwa mengi zaidi, kila kituo cha mafuta kitakula saa nzima na kila chakula cha mchana kitageuka mkutano. Mteueni kiongozi wa msafara na mfunga msafara kabla ya kuondoka, na mkubaliane juu ya kanuni moja tu ya njiani: kila dereva anawajibika kwa gari lililo nyuma yake, na akifika penye njia panda hakati kona mpaka ameliona. Nunueni redio ndogo za PMR446, ambazo Ulaya hutumika bila leseni; nguvu yake ni nusu wati, kwa hiyo mlima ukiwa kati yenu hamtasikilizana, lakini kwa magari yanayoonana zinatosha. Msitegemee simu, kwa sababu unafuu wa kutumia laini yako kwa bei ya nyumbani unaisha ukitoka katika Umoja wa Ulaya, na kifurushi kinaweza kukauka siku ya kwanza ndani ya Montenegro au Bosnia.

Majira nayo yaangaliwe mapema. Barabara ya Transfăgărășan ya Romania, inayopanda hadi mita 2,042, hufungwa kwa theluji tangu vuli hadi mwanzoni mwa kiangazi. Ile ya kokoto ya Assietta, kaskazini magharibi mwa Italia, Julai na Agosti hufungwa mchana kwa magari kila Jumatano na Jumamosi ili waenda kwa miguu na waendesha baiskeli wapumue. Msafara uliofika hapo Jumatano asubuhi bila kuuliza umejipotezea siku.

Sasa karatasi. Leseni iwe hai, na mgeni aliyetoka nyumbani abebe pia ile ya kimataifa. Kadi ya gari iwe halisi, wala si picha kwenye simu. Kama gari si la jina lako, hata kama ni la mkeo au la kaka yako, beba barua ya mwenye gari inayokuruhusu kuliendesha nje ya nchi, iliyogongwa muhuri wa mthibitishaji, maana kwenye mipaka ya Balkani huulizwa. Bima yako iambatane na kadi ya kijani, yaani hati inayothibitisha bima ya gari nje ya nchi, na uisome, kwa sababu nchi ambazo bima haizigusi hukatwa kwa mstari kwenye kadi hiyohiyo. Kosovo tulilazimika kununua bima mpakani.

Baada ya hayo, kusanya pasipoti za wote mezani, uzifungue moja baada ya nyingine, usome visa ya kila mtu kwa macho yako. Hili nalisisitiza kuliko yote, na nitaeleza sababu yake.

Agosti 2023 tulitoka Munich tukiwa magari manne na watu tisa. Mmoja wetu alikuwa mjomba wangu, dereva wa magari ya watalii Arusha kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu anayeusikiliza mlio wa injini na kukuambia mkanda gani umelegea. Alikuwa amekuja kunitembelea, na mimi ndiye niliyemjazia fomu ya visa. Njia yetu ilikuwa Austria, Slovenia, pwani ya Croatia, kisha Montenegro na Albania hadi Ugiriki. Sote tulijua kwamba Montenegro na Albania hazimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja ya matembezi. Hakuna hata mmoja aliyekaa akatafakari maana yake kwa mtu mwenye visa ya matembezi.

Tulifika mpaka wa Croatia na Montenegro, kusini ya Dubrovnik, saa tano asubuhi. Askari wa kike wa upande wa Croatia akapokea pasipoti za gari langu, akazigonga mihuri mbili za kwanza, akafika ya mjomba. Akaifungua kwenye ukurasa wa visa na kidole gumba chake kikasimama juu ya tarakimu mbili ndogo: 01. Akaniuliza mzee huyu anakwenda wapi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba anakwenda Ugiriki, kisha atarudi Ujerumani pamoja nasi. Akaigeuza pasipoti nione, akasema kwa upole kwamba visa hii ni ya kuingia mara moja, na kwamba akishamgongea muhuri wa kutoka, imekwisha. Baadaye nilisoma masharti nikaelewa tulivyokuwa karibu na balaa: Albania huwaruhusu wenye visa ya Schengen kuingia bila visa nyingine pale tu visa yao inapokuwa ya kuingia mara nyingi na imekwisha kutumika. Mjomba angezuiwa mbele na asingeweza kurudi nyuma. Angebaki Montenegro peke yake, na tiketi yake ya kurudi nyumbani ikiwa Munich.

Tuliegesha magari manne kando ya barabara kwenye jua kali. Mjomba hakulalamika hata kidogo. Alisema, “Mwanangu, mimi niacheni Dubrovnik, nyinyi malizeni safari yenu, mtanipitia.” Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Ile fomu inauliza wazi kama mwombaji anataka kuingia mara moja, mara mbili au mara nyingi, na mimi nilitia alama mara moja nikidhani ni jambo la adabu kuomba kidogo.

Tulichofanya ni kugawanyika. Magari matatu yalivuka. Mimi na mjomba tulirudi Dubrovnik tukasubiri siku mbili, kwa kuwa feri ya kwenda Bari haiondoki kila siku. Tukavuka hadi Italia, tukapanda feri nyingine ya usiku kutoka Bari hadi Igoumenitsa, bandari ya Ugiriki, na kwa njia hiyo hatukutoka Schengen hata mara moja. Tulikutana na wenzetu katika mji wa Ioannina, Ugiriki, siku ya sita. Nauli ya gari kwa feri mbili za Agosti ilimaliza fedha yote tuliyoitenga kwa dharura.

Kwa hiyo, kwenye kibandiko cha visa soma mambo matatu. La kwanza ni idadi ya kuingia: 01, 02 au MULT. Njia yako ikitoka Schengen na kurudi, mgeni wako anahitaji MULT au angalau 02, na aiombe tangu mwanzo akiambatanisha ratiba inayoonyesha nchi za katikati. La pili ni idadi ya siku za kukaa, ambayo mara nyingi ni pungufu ya muda ulioandikwa kati ya tarehe mbili za visa. La tatu ni tarehe zenyewe. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa, na hakuna visa ya matembezi inayovuka siku 90 ndani ya kila siku 180. Tangu Oktoba 12, 2025 Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa mfumo wa kompyuta badala ya mihuri, kwa hiyo aliyezidisha siku moja atajulikana papo hapo. Sisi wenyeji tusijione tumepona: kama kibali chako cha ukaazi kinasubiri kuhuishwa na una ile karatasi ya muda tu, uliza ofisi ya wageni kama inakuruhusu kurudi ukitoka, maana zipo zisizoruhusu.

Mgawanyiko ule ulitufunza jambo la pili. Vifaa vyote vya ufundi vilikuwa kwenye gari langu, kwa sababu fundi alikuwa ndani yake: pampu ya upepo, vifaa vya kuziba pancha, kamba zote mbili za kunasulia, mikanda na mipira ya rejeta. Niliporudi Dubrovnik niliondoka navyo bila yeyote kukumbuka. Siku mbili baadaye, kwenye barabara ya kokoto milimani kaskazini ya Albania, gari la shemeji yangu lilipata pancha mbili kati ya asubuhi na alasiri. Tairi la akiba lilikuwa moja. Mwenyeji mmoja alilipakia tairi lililobaki kwenye pikapu yake akampeleka shemeji mjini, kwenye kibanda chenye maandishi ya gomisteri, neno ambalo Albania utaliona karibu kila kijiji na linamaanisha fundi wa matairi. Walipoteza siku nzima, na walilala pale pale lilipokwamia gari. Tangu hapo, kila gari letu lina pampu yake, jeki yake, kamba yake na vifaa vyake vya pancha, na vipuri adimu hugawanywa kwa orodha ambayo kila dereva ana nakala yake. Mjomba alipolitazama tairi lile Ioannina aliuliza swali moja tu: walikuwa wameshusha upepo? Hawakuwa wameshusha. Gari la psi 36 kwenye lami liende kokoto na takriban 26, mwendo upunguzwe, na upepo urudishwe kabla ya kuingia barabara kuu tena.

Uzito usipuuzwe. Leseni ya kawaida ya daraja B inaishia kilo 3,500, na gari lenye hema juu, jokofu, lita 60 za maji na watu wanne hukaribia ukomo wake haraka kuliko unavyodhani. Lipeleke mizani likiwa limepakiwa kila kitu na abiria wamekaa, kisha linganisha na kitabu cha gari, pamoja na ukomo wa uzito wa juu ya paa, ambao hupungua gari liingiapo njia mbovu. Angalia na kimo: kwenye barabara za kulipia za Ufaransa, gari linalozidi mita 2 huingia daraja la juu la ushuru, na maegesho mengi ya ufukweni yana chuma cha kuzuia magari marefu.

Ushuru wa barabara kuu hulipwa kwa kibandiko au kwa mtandao katika Uswisi, Austria, Slovenia, Hungaria, Romania na Bulgaria. Nunua kabla ya kuvuka mpaka. Magari yasikatize katikati ya miji ya Ujerumani yenye ukanda wa mazingira bila kibandiko cha kijani, na Italia ukiona alama ya ZTL, yaani eneo la mji la magari yenye ruhusa tu, usiingie, kwa kuwa kamera zitakufuata kwa barua hadi nyumbani.

Kwenye pampu za mafuta usifuate majina, kwa sababu gasolio ya Italia ni dizeli na gasolina ya Hispania ni petroli. Fuata alama zinazotumika Umoja wa Ulaya tangu Oktoba 2018: dizeli ina mraba wenye herufi B, petroli ina duara lenye herufi E.

Jambo linalowaponza wengi wanaotoka kwetu ni kudhani kwamba pasipo na uzio panapitika. Ufaransa ina sheria ya tangu 1991 inayokataza magari kutoka nje ya barabara katika maeneo ya asili. Sweden na Norway humruhusu mtu kutembea na kulala porini, lakini ruhusa hiyo ni ya miguu wala haihusu magurudumu. Croatia hairuhusu kupiga kambi ovyo. Bosnia ni suala la uhai: mabomu ya ardhini ya vita vya 1992 hadi 1995 bado yapo misituni na kwenye mashamba yaliyoachwa, na si kila mahali pana kibao chekundu chenye fuvu. Huko usitoke kwenye njia inayotumika, hata kwa kujisaidia, hata kwa kugeuza gari. Rudi kinyumenyume mpaka upate mahali palipokanyagwa na magari mengine.

Mengineyo mnayajua. Msiendeshe usiku milimani. Tafuteni mahali pa kulala kabla jua halijashuka, wakati bado mnaweza kupakataa. Romania na Hungaria hazivumilii hata tone la pombe kwa dereva. Kila mtu awe na dawa zake za siku za ziada, maji ya kutosha, fedha taslimu kidogo za nchi inayofuata, na namba ya dharura 112 ikiwa imebandikwa kwenye dashibodi pamoja na jina la ndugu wa kupigiwa.