SOMO: Nukuu za majina kwenye MySQL, PostgreSQL na wenzake

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini amri ya SQL (lugha ya kuongea na hifadhidata) inayokubali MySQL inagoma PostgreSQL, na zote ni programu za hifadhidata. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Nukuu moja ('hai') ni ya maandishi. Kote.

2. Majina ya jedwali na kolamu: PostgreSQL, Oracle na SQLite, nukuu mbili ("order"). MySQL, baktiki (`order`). SQL Server, mabano ya mraba ([order]).

3. Hapa ndipo nilipoumia. MySQL isipobadilishwa mipangilio, nukuu mbili kwake ni maandishi, si jina. Niliandika:

DELETE FROM wateja WHERE "hali" <> 'hai';

Nilijua inasoma kolamu ya hali. Kumbe inalinganisha neno hali na neno hai, na hayo hayafanani kwenye rekodi yoyote. Jedwali zima likafutika, skrini haikuonyesha kosa hata moja. Bakapu ilikuwa ya jana yake. Wateja walioandikishwa asubuhi ile tuliwatafuta kwenye risiti za karatasi, mmoja mmoja. Tafadhali sana: tanguliza SELECT COUNT(*) yenye WHERE ileile, uone ni rekodi ngapi zitaguswa, ndipo ufute. Na washa ANSI_QUOTES kwenye sql_mode (mpangilio wa MySQL), nukuu mbili ziwe za majina.

4. Tumia herufi ndogo tupu: tarehe_ya_malipo. Ukiunda "JinaKamili" kwa nukuu kwenye PostgreSQL, kila amri itadai nukuu hizo.

MASWALI

– Mkuu nimefanya hivyo haikubali, msaada wa haraka.
– Hifadhidata gani? Kosa linasemaje?
– MySQL, nimeweka nukuu mbili.
– Rudi hatua ya 3. Yote.

– Kwenye PostgreSQL, SELECT * FROM user inanipa jina langu la kuingilia tu, na jedwali lina watu kibao. Kwa nini?
– Umechunguza vizuri. Kwa PostgreSQL, user bila nukuu ni mtumiaji aliyeingia sasa hivi. Andika "user", au bora jedwali uliite watumiaji. Majina ya Kiswahili kwa kawaida hayagongani na maneno ya SQL.

– Jina la jedwali likitoka kwenye fomu, naweza kulishikia nafasi kwa alama ya "?" ndani ya amri?
– Hapana, hiyo ni ya thamani tu. Andaa orodha ya majina unayoruhusu, lisilomo likatae.

– Kompyuta yangu ya Windows inakubali Wateja, seva ya Linux inasema hakuna jedwali hilo.
– MySQL kwenye Linux kwa kawaida hutofautisha herufi kubwa na ndogo za majedwali. Ndiyo maana ya hatua ya 4.