SOMO: Namna ya kujua kontena lilipo kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi bila kupigiana simu kutwa

Nimeandika somo hili ili nipate pa kuwaelekeza wanaoniuliza kila mara kwa nini mzigo "ulitoka jana" lakini Morogoro haujaonekana. Linawahusu wanaopitisha bidhaa bandari ya Dar es Salaam hadi Lubumbashi, Kongo, kupitia mpaka wa Tunduma (upande wa Tanzania) na Nakonde (upande wa Zambia), kisha Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo. Anayepeleka Kigali kupitia Rusumo abadilishe majina ya vituo tu.

Hatua ya 1: Chagueni namba moja ya kuutajia mzigo. Namba ya kontena inafaa kuliko ya ankara, kwa kuwa kila mhusika anaiona kwa macho yake. Ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutokana na zilizotangulia, hivyo jedwali mtakalofungua hatua ya 3 linaweza kupangwa likatae namba iliyokosewa.

Hatua ya 2: Kila upande (wakala wa forodha, msafirishaji, mwenye mali) utaje mtu mmoja wa kuandika taarifa na wa kumshikia nafasi.

Hatua ya 3: Fungueni jedwali moja mtandaoni, kila mtu aandike kwenye safu yake tu. Bei zisiwekwe humo. Msafirishaji hana haja ya kujua vigae vyako umevinunua kwa kiasi gani.

Hatua ya 4: Kubalianeni matukio ya kuandikwa. Hapa ndipo ushirikiano mwingi unapovunjikia. Kwa wakala wa forodha, mzigo umetoka nyaraka zilipokamilika. Kwa msafirishaji, umetoka ulipopakiwa kwenye lori. Kwa mwenye mali, umetoka lori lilipovuka geti la bandari. Kati ya matukio hayo zinaweza kupita siku, na wote watatu watakuwa wamesema kweli. Kwa hiyo andikeni tu tukio lenye ushahidi: kibali cha geti, risiti ya mizani ya Vigwaza, ya Makambako na ya Mpemba, nyaraka kupokelewa Tunduma, lori kuvuka Nakonde, kufika Kasumbalesa, kupakuliwa, na kontena tupu kurudishwa. Kila tukio liwe na mwandishi mmoja, picha moja na saa.

Onyo la kwanza ni la saa zenyewe. Tanzania iko mbele ya Zambia na Lubumbashi kwa saa moja, na dereva akiandika "saa 2" bila kufafanua, hakuna ajuaye kama ni asubuhi, ni usiku, au ni saa aliyoisoma kwenye simu. Tumieni saa za Dar es Salaam pekee, kwa mtindo wa 08:00 na 20:00. Onyo la pili: makadirio yawe na safu yake, kwa sababu anayeandika tarehe anayoitarajia mahali pa tarehe halisi atamfanya mwenye stoo wa Lubumbashi aite vibarua wa kupakua lori ambalo bado liko Mbeya. Onyo la tatu: kosa lisifutwe, bali sahihisho liandikwe kando yake.

Hatua ya 5: Simu ipigwe pale tu tukio linapopita muda mliokubaliana.

Hatua ya 6: Habari ziende pande zote mbili. Meli ikichelewa, msafirishaji ajue siku hiyohiyo asije akaegesha lori bure. Na mwenye duka naye aandike kila wiki kilichobaki stoo, ili mwagizaji asiagize kwa kubahatisha.

MASWALI

Mchuuzi77: Mkuu, ni programu ipi nzuri ya kununua?

Mwandishi: Ndugu, sijataja kununua programu popote. Rudia hatua ya 4.

Baba Tumaini: Hii ni nadharia tupu. Madereva watadanganya, hasa wakilala njiani.

Mwandishi: Ndiyo maana nimetaka risiti ya mizani, ambayo ina namba ya gari, uzito na saa, na dereva haichapishi yeye. Tena dereva asiyekatazwa kulala hana sababu ya kuficha kwamba amelala.

Karani wa Tunduma: Shikamoo kaka. Mwenzetu wa Nakonde hataki kuandika, anahofia ucheleweshaji wake utatumika kumkata malipo. Nimshawishi vipi?

Mwandishi: Marahaba dada. Hofu yake ina msingi, kwani hakuna anayepeleka habari mbaya mahali zitakapomgeukia. Wekeni kwa maandishi kwamba ucheleweshaji ulioripotiwa mapema hautozwi, unaotozwa ni uliofichwa. Kisha mwonyeshe faida yake: akiona lori limepima Makambako, ana muda wa kukamilisha nyaraka kabla halijafika, badala ya kushtukizwa na malori matano kwa mkupuo. Mwezi wa kwanza mwombe tukio moja tu, lile la kupokea nyaraka. Mengine yatafuata akishazoea.

Mpakizi: Mimi hupiga picha ya sili, kile kifungio chenye namba cha mlango wa kontena, getini, halafu tena Tunduma.

Mwandishi: Nimeipenda, nitaiongeza. Piga moja ya karibu namba isomeke, na nyingine ya mbali inayoonyesha mlango mzima na namba ya kontena. Picha ya sili peke yake haithibitishi ilifungwa kwenye kontena lipi.

Mchuuzi77: Kontena tupu la nini tena, wakati mzigo umeshashushwa?

Mwandishi: Siku za bure za kampuni ya meli huendelea kuhesabiwa hadi kontena lirudi kwenye yadi iliyotajwa, na zikiisha unatozwa kwa kila siku. Andika tarehe ya mwisho siku ileile kontena linapotoka bandarini, kisha mdai msafirishaji risiti ya yadi, kwa maana ndiyo utakayoionyesha ukifuatilia amana yako, yaani fedha ya dhamana ya kontena.