Doa la Manjano Juani: Kuchunguza Molekuli Inapomeza Mwanga

Hapa Unguja inajulikana kwamba doa la manjano, kile kiungo cha mchuzi, kwenye kanzu nyeupe, hata likiishinda sabuni, hupauka likianikwa juani. Wachache huuliza kama kinacholiondoa ni joto la jua au ni mwanga wake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulipata jibu, na nimeuandika kwa ajili ya walimu wa kemia ambao skuli zao hazina spektrofotomita, yaani chombo cha kupimia mwanga unaomezwa na kitu.

Hatua ya kwanza ni kutayarisha rangi. Tia kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga ndani ya chupa ya kioo yenye nusu kikombe cha spiriti isiyo na rangi, tikisa, acha unga utuame, kisha chuja kioevu kwa pamba. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo kazi hii isifanywe karibu na jiko. Rangi uliyoipata ni hasa kurkumini, ambayo ndani ya spiriti humeza zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 425 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), yaani wa zambarau na buluu; mwanga uliobaki ndio unaotufikia machoni kuwa rangi ya njano.

Hatua ya pili hufanywa gizani. Mulika chupa kwa tochi ya kukagulia noti, ambayo mara nyingi hutoa mwanga wa nanomita 395 hivi, na usiielekeze machoni mwa mtu. Kioevu kitang'aa kwa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano. Molekuli iliyomeza fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, huwa na nishati ya ziada ambayo haiwezi kukaa nayo: katika muda usiofika hata nanosekunde moja (sehemu moja ya bilioni ya sekunde) itaitoa kama mwanga, au itaigeuza kuwa joto, au, mara chache, itabadilika kuwa kitu kingine. Mwanga unaotoka una nishati ndogo kuliko ule ulioingia, kwa kuwa sehemu yake imekwisha kupotea kama joto. Mwanasayansi George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili mwaka 1852. Sasa mimina kioevu kidogo katika gilasi ya maji, uone jinsi mng'ao unavyofifia: ndani ya maji, njia ya joto huishinda njia ya mwanga.

Hatua ya tatu, iliyo kiini cha kazi yote, inahusu ile njia ya nadra, ya molekuli kubadilika kuwa kitu kingine. Kata vipande vitano vya bafta nyeupe, vichovye katika rangi na uvikaushe kivulini. Kimoja kiweke kabatini kiwe cha kulinganishia. Vinne vilivyobaki vibandike kwenye ubao mmoja juani: cha kwanza wazi, cha pili chini ya nailoni nyekundu, cha tatu chini ya nailoni ya buluu, na cha nne chini ya karatasi nyeusi nzito. Wengi hutumia foili kwa hiki cha mwisho, nami siipendi, kwa sababu foili huurudisha mwanga wa jua na kukiacha kitambaa kikiwa baridi, ilhali tunataka kipate joto bila mwanga.

Kipande cha wazi kitapauka kuliko vyote, na kilichofunikwa kwa karatasi nyeusi kitabaki karibu kama kilivyokuwa ingawa kimepata moto sawasawa. Basi joto si mhusika mkuu. Chini ya buluu rangi itapungua zaidi kuliko chini ya nyekundu, kama inavyotakiwa na kanuni iliyotolewa na mwanakemia Grotthuss mwaka 1817 na kugunduliwa upya na mwanasayansi Draper mwaka 1842, kwamba mwanga unaoweza kuleta badiliko la kikemia ni ule tu uliomezwa.

Ikiwa kipande cha chini ya nyekundu kimepauka sawa na cha buluu, ichunguze nailoni kabla ya kuitilia shaka kanuni. Iweke juu ya kile kipande cha kabatini, mulika kwa tochi gizani, na kitambaa kikiendelea kung'aa chini yake, nailoni hiyo inapitisha mwanga wa zambarau na haifai. Tafuta nyingine au uikunje mara mbili.