Namna ya Kukielewa na Kukitumia Cheo cha Acharya

Unapokutana na neno "acharya" katika maandishi yanayohusu dini za India, usiridhike kulifasiri kuwa "mwalimu" tu. Limetokana na neno la Kisanskriti "achara", yaani mwenendo. Yaska, mtaalamu wa kale wa lugha hiyo, alieleza katika Nirukta, kitabu chake cha asili za maneno, kwamba acharya huitwa hivyo kwa kuwa humshikisha mwanafunzi mwenendo, au kwa kuwa hukusanya maana za mambo, au kwa kuwa hujenga akili.

Kisha mtofautishe na upadhyaya, mwalimu wa aina nyingine. Kwa mujibu wa Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, acharya ndiye anayemwingiza mwanafunzi katika masomo kwa ibada ya upanayana na kumfundisha Veda, yaani maandiko matakatifu ya Kihindu, pamoja na maana zake za ndani, ilhali upadhyaya hufundisha sehemu tu ya Veda, tena kwa ajili ya riziki yake.

Hatua inayowakwaza wengi ni kutazama cheo kimekaa wapi. Kikitangulia jina, kwa kawaida ni heshima au wadhifa. Miongoni mwa Wajaini, wafuasi wa dini ya Ujaini ya India, kwa mfano, acharya ni kiongozi wa jumuiya ya watawa. Kikiungana na jina, irabu mbili huyeyuka na kuwa moja ndefu: Shankara na acharya huwa Shankaracharya. Hapo pana mtego, kwa sababu jina hilo ni la mwanafalsafa wa Advaita (mkondo wa Kihindu unaofundisha kwamba uhalisi ni mmoja tu) anayekadiriwa kuishi katika karne ya 8, na pia ni cheo cha wakuu wa nyumba za watawa za Sringeri, Dwarka, Puri na Jyotirmath hadi leo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba Shankaracharya alisema jambo fulani, hakikisha ni yupi, na ikiwa ni wa sasa, taja na nyumba anayoiongoza.

Neno hili likija mwishoni mwa jina la mtu likiwa limesimama peke yake, yaelekea ni jina la ukoo, na mwenye nalo huenda ni mhasibu asiyefundisha dini wala kitu kingine. Liache kama lilivyo. Katika vyuo vya Kisanskriti nchini India, Acharya ni shahada inayolingana na uzamili, nayo hutanguliwa na Shastri, shahada ya kwanza. Tuzo ya makocha wa michezo iliyoanzishwa na serikali ya India mwaka 1985 nayo inaitwa Dronacharya, kwa jina la mwalimu wa upinde katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, na mshindi wake haitwi acharya kwa kuipata.