Sanamu ya Jiwe Nyumbani: Tafuta Mahali Kwanza, Jiwe Baadaye

Anayepita kwenye vibanda vya vinyago mjini Kisumu huvutwa na jiwe lenyewe kabla ya kufikiria jambo jingine lolote: kiboko wa rangi ya waridi, mama aliyembeba mtoto mgongoni, au ndege mwenye shingo ndefu aliyesuguliwa hadi akawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Hulipa, hufungiwa mzigo wake kwa magazeti, na ni baada ya kufika nyumbani ndipo huanza kuzunguka sebuleni akitafuta pa kuuweka. Mwishowe sanamu hutua juu ya kabati la televisheni, kati ya rimoti na picha ya mahafali, na baada ya wiki mbili hakuna anayeiona tena. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: unaanza na nyumba, unapima mahali, unatazama mwanga, na jiwe linakuja baada ya hayo.

Mahali na mwanga

Keti kwenye kiti ambacho wageni wako huketi, kisha utazame mbele bila kugeuza shingo. Pale macho yanapotua yenyewe ndipo panapofaa sanamu kubwa. Ikiwa pameshachukuliwa na televisheni, usishindane nayo. Tafuta mahali ambapo macho hupita mtu anapoingia, kwa mfano mwisho wa ujia mwembamba, pembe iliyo mkabala na mlango, au pale ngazi zinapogeuka. Chukua katoni tupu za dukani, uzipange moja juu ya nyingine mpaka zifikie kimo na upana wa sanamu unayoiwazia, na uziache hapo kwa wiki nzima. Katika wiki hiyo utajua kama mlango unazigonga, kama watoto huzipitia mbio wakitoka shule, na kama anayefagia hulazimika kuzisogeza kila asubuhi. Katoni ikianguka haimvunji mtu mguu.

Mwanga unahitaji subira zaidi, kwa sababu sanamu haina rangi nyingi kama picha. Kinachoifanya ionekane ni kivuli. Mwanga unaotoka mbele moja kwa moja hufuta vivuli na kuifanya sura iwe bapa kama sahani, ilhali taa ya dari iliyo juu kabisa ya sanamu huyajaza macho yake giza. Unaotakiwa ni mwanga wa ubavuni, unaoshuka kwa mshazari wa takriban digrii 30 hadi 45, ili kila mkunjo wa nguo na kila alama ya patasi ipate upande wa nuru na upande wa giza. Taa ndogo ya kusimama iliyowekwa pembeni hutosha kabisa, na mara nyingi hupendeza kuliko taa nne za gharama zilizochimbiwa kwenye dari.

Kwa mwanga wa jua, sisi tunaoishi Kisumu tumejaliwa. Ikweta inapita karibu na Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini, kwa hiyo saa za mchana hazibadiliki na jua haliyumbi sana kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Dirisha la mashariki hutoa mwanga wa mshazari kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi. La magharibi huutoa kuanzia saa kumi alasiri mpaka jua lizame upande wa ziwani. Mtu anayeshinda kazini na kurudi jioni hana faida ya sanamu inayopendeza saa mbili asubuhi, basi aiweke karibu na dirisha la magharibi. Marumaru nyeupe hufaa hasa kwa mwanga huo wa jioni, kwa kuwa nuru hupenya kidogo ndani ya jiwe kabla ya kurudi nje, na ndiyo sababu huonekana kama ngozi iliyo hai badala ya kuonekana kama chokaa iliyokauka.

Rangi ya ukuta haihitaji maneno mengi. Marumaru nyeupe mbele ya ukuta mweupe hupotea kama chumvi kwenye unga. Ipe ukuta wa kijivu, wa kijani kilichokolea au wa rangi ya udongo. Jiwe jeusi lipe ukuta wa krimu.

Uzito, ambao wengi husahau

Marumaru na graniti zina uzito wa takriban kilo 2,700 kwa kila mita ya ujazo, na jiwe la sabuni halipishani nazo sana. Kwa hesabu hiyo, bonge la sentimita 30 kila upande lina uzito wa kilo 73 hivi, na la sentimita 50 kila upande hukaribia kilo 340, ingawa kwa macho halionekani kuwa kubwa mara mbili. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Anayeishi chini, penye sakafu iliyokaa juu ya ardhi, hana haja ya kuhofu. Anayeishi ghorofani na kutamani sanamu ya kimo cha mtu amwone mhandisi wa majengo kabla ya kumwona mchongaji, na aisimamishe karibu na ukuta unaobeba mzigo au boriti, si katikati ya chumba.

Kulijua jiwe

Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopikwa kwa joto na mgandamizo ndani ya ardhi hadi yakageuka fuwele. Huchimbwa Kajiado hapa kwetu, na ya Carrara kule Italia ndiyo yenye sifa kubwa duniani. Graniti ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyojenga majabali ya Kit Mikayi katika nchi ya Seme. Jiwe la sabuni, ambalo wengi huliita jiwe la Kisii, ni laini kuliko yote hayo, na kwa nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya mimi ningelipendekeza kabla ya marumaru: linapatikana karibu, mchongaji wake unaweza kumfikia na kuzungumza naye, na halidhuriwi na ndimu kama marumaru.

Nilijifunza kupima mawe baada ya kuuziwa kichwa cha simba ambacho muuzaji aliapa kuwa ni marumaru halisi. Nilikiweka dirishani, na baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa upande uliotazama jua ulikuwa umegeuka manjano. Nilipokigeuza nikaona chini ya kidevu mstari mwembamba uliokwenda kutoka sikio hadi sikio, yaani pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kilikuwa cha plastiki ngumu iliyochanganywa na unga wa mawe. Ningalikigusa kwa shavu kabla ya kulipa, ningalijua, maana jiwe la kweli ni baridi na hubaki baridi kwa muda hata ukilishika, lakini plastiki hupata joto la mkono upesi.

Kuna vipimo vingine, na vyote vifanyike chini ya kitako, mahali pasipoonekana, na kwa ruhusa ya mwenye mali. Ukucha huacha alama kwenye jiwe la sabuni lililo laini, lakini hauigusi marumaru; kisu huikwaruza marumaru lakini hakifui dafu mbele ya graniti. Tone la siki au la ndimu likiwekwa juu ya marumaru hutoa viputo vidogo na kuacha doa lililofifia, nalo jiwe la sabuni halishtuki. Kwa sanamu iliyopakwa rangi nyeusi au nyekundu, sugua kitambaa cheupe chenye maji: rangi ikihamia kwenye kitambaa, siku moja itahamia kwenye ukuta wako.

Kwenda Tabaka

Chimbuko la jiwe la sabuni ni Tabaka, katika kaunti ya Kisii. Kutoka Kisumu unapita Ahero, Sondu na Oyugis hadi mjini Kisii, kisha unaelekea Mugirango Kusini. Jiwe huchimbwa kwa mikono, likakatwa kwa msumeno, likachongwa kwa panga, patasi na kisu. Kwa desturi wanaume ndio huchimba na kuchonga, na wanawake husugua kwa msasa ndani ya karai la maji, kazi ndefu ambayo ndiyo huleta ule ulaini tunaoulipia. Baada ya hapo sanamu hukaushwa na kupakwa nta. Mchongaji Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege, Enyamuchera, iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris, ni mtoto wa huko.

Faida ya kwenda mwenyewe si bei peke yake. Ukiwa na vipimo vya zile katoni zako na picha ya mahali ulipochagua, unaweza kumweleza mchongaji mwanga unatoka upande gani, naye akageuza uso wa sanamu uelekee huko. Jambo hilo huwezi kulipata kibandani. Omba pia kuiona sanamu ikiwa imelowa maji, kisha uitazame inavyokauka. Palipo na ufa hubaki na mstari mweusi kwa muda, kwa kuwa maji hukawia ndani yake baada ya uso wote kukauka, hata kama ufa wenyewe umezibwa kwa gundi na unga wa jiwe.

Wakati wa kusafirisha, kumbuka kwamba jiwe huvumilia kubanwa lakini halivumilii kupindwa. Shingo, mikono na pembe za swala ndizo hukatika kwanza. Sanamu isibebwe kwa kichwa wala kwa mkono wake, bali ishikwe kitakoni, ifungwe kwa blanketi, na ilazwe juu ya godoro, si kwenye buti ya matatu pamoja na magunia ya ndizi. Ukinunua mbili, usizifunge pamoja bila kitu kinene cha kuzitenga.

Kuisimamisha

Stendi hutengenezwa kwa mbao ngumu, au kwa mawe ya kujengea yaliyopigwa lipu. Kimo chake hutegemea mtazamaji. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako karibu sentimita 150 kutoka sakafuni, kwa hiyo katika ujia uso wa sanamu ukaribie hapo, lakini sebuleni, ambako watu huketi, ushushe hadi sentimita 110 hivi. Kagua stendi kwa pimamaji kabla ya kuweka jiwe juu yake, kwa maana sakafu zetu nyingi zina mteremko usioonekana. Kisha weka matone manne ya silikoni isiyo na rangi chini ya kitako. Matone hayo huishikilia sanamu paka anaporuka, na siku ya kuhama hukatwa kwa uzi mwembamba.

Fundi akitaka kuunganisha sanamu na stendi kwa chuma, asitumie nondo ya kawaida. Nondo hupata kutu, kutu huvimba, na jiwe hupasuka kutoka ndani. Atumie shaba au chuma kisichoshika kutu.

Suala la idadi nalitatua kwa ukali: sanamu moja kubwa kwa chumba, au tatu ndogo zilizowekwa pamoja zikiwa na vimo tofauti. Sebule yenye sanamu kumi na mbili hugeuka duka. Na kabla ya kuamua umbo, zungumza na wenye nyumba wote. Zipo familia ambazo, kwa sababu ya dini, hazipendi sura ya mtu au mnyama ndani ya nyumba, na mama mkwe akija akaikuta mlangoni, mazungumzo ya siku nzima yatakuwa hayo. Bakuli kubwa la jiwe, mtungi, au umbo la mviringo lisilo na sura huleta utulivu uleule bila ugomvi.

Kuitunza

Futa vumbi kwa brashi mpya ya rangi, laini na kavu, mara moja kwa wiki. Panapohitajika maji, tumia maji vuguvugu na tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha ukaushe mara moja. Marumaru isikaribiane na ndimu, siki, soda ya kunywa wala dawa za kung'arishia choo, kwa kuwa asidi hula mng'ao wake na hakuna kufuta kutakaourudisha. Itabidi isuguliwe upya na fundi. Doa la chai au la mafuta huvutwa kwa ujiuji mzito wa bekini soda na maji, unaopakwa juu ya doa, ukafunikwa kwa plastiki na kuachwa kwa saa 24. Jiwe la sabuni lililofifia hurudishiwa uhai kwa nta isiyo na rangi na kitambaa laini. Likikwaruzika, msasa mwembamba sana wenye maji hufuta mkwaruzo, lakini kazi hiyo ifanyiwe nje na kwa kuziba pua na mdomo, kwa maana vumbi la mawe halifai mapafuni.

Nje ya nyumba

Mvua za magharibi hazina huruma na marumaru wala jiwe la sabuni. Marumaru hupoteza mng'ao na kuota ukungu wa kijani upande usio na jua, na jiwe la sabuni hukwaruzwa na kila kijiti. Chini ya baraza zitakaa. Bustanini weka graniti. Wenye viwanja vya Seme, Maragoli au Kakamega pengine hawahitaji kununua chochote, kwa sababu jabali tayari liko uani likisubiri kupasuliwa kokoto. Liache, ulisafishe kwa brashi ngumu na maji, upande nyasi fupi kuzunguka, na uliwekee taa moja ya chini ubavuni.

Kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, sanamu nzito iliyowekwa juu ya ardhi tupu itainama kabla ya mwaka kwisha. Chimba mpaka upite udongo huo, na udongo wenyewe ukiwa na kina kirefu mno, ondoa angalau nusu mita; jaza marramu uishindilie tabaka kwa tabaka, kisha mwaga zege ya sentimita 15 iliyo pana kuliko kitako kwa kiganja kimoja kila upande, na uiache siku saba ukiimwagilia maji kabla ya kupandisha jiwe.