Kukamua, kutunza na kupasha maziwa ya mama ukiwa Mbeya: baridi isikudanganye

Huku kwetu kuna mambo mawili nayaona sana kwa kina mama wanaorudi kazini, na yote yanaletwa na baridi. La kwanza, mtu anakamua asubuhi, anafunika kikombe na kisahani, anakiacha dirishani mpaka jioni, ukimuuliza anakwambia si kuna baridi, yatakaa tu. La pili ni kwa yule anayebaki na mtoto, awe bibi yake au dada wa kazi, anaogopa maziwa ya baridi yatamletea mtoto nimonia, basi anayabandika kwenye jiko la mkaa mpaka yatokote. Nimonia hailetwi na ubaridi wa maziwa jamani, inaletwa na vijidudu. Mi ni mkunga, niko kliniki ya mama na mtoto, na hivi ninavyoandika ndivyo ninavyowaelekeza kina mama pale benchi.

Hatua ya 1: vyombo
Tafuta kikombe au kibakuli chenye mdomo mpana na mfuniko, cha kioo, stili au plastiki ngumu ya kuwekea chakula. Zile chupa za maji ya dukani achana nazo, shingo nyembamba, mkono hauingii, utasuuza tu usisugue. Osha na sabuni na maji ya moto, suuza, halafu chemsha kwenye sufuria dakika 10 kuanzia maji yanapoanza kutokota. Huku tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanatokota kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo usiipue eti kwa sababu umeona mapovu, hesabu dakika zako. Vikitoka vigeuze juu ya kitambaa safi vijikaushe vyenyewe, usivifute na kile kitambaa cha kushikia sufuria.

Hatua ya 2: kukamua
Nawa mikono kwa sabuni, kaa vizuri, na kama vidole vimeganda na baridi vipashe kwanza maana mkono wa baridi unalishtua ziwa na maziwa yanagoma kushuka. Weka kitambaa cha uvuguvugu juu ya ziwa dakika chache, lisugue taratibu kwenda kwenye chuchu. Sasa weka dole gumba juu ya ziwa na kidole cha shahada chini yake, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, vidole vikae kama herufi C. Sukuma kwanza kwenda nyuma kifuani, halafu bana, achia, sukuma, bana, achia. Usivute chuchu na usiteleze vidole juu ya ngozi, unajichubua bure na hakuna kinachotoka. Mwanzoni ni tone tone, usikate tamaa, baada ya dakika moja mbili utaona yanaruka yenyewe kama michirizi. Yakipungua zungusha vidole sehemu nyingine, kisha hamia ziwa la pili, halafu rudia. Nusu saa inatosha. Kama una pampu sawa tu, ila kila kipande kinachogusa maziwa kioshwe kila unapomaliza, na mi nasema mkono ujifunze hata kama pampu unayo, siku umeme umekatika au pampu imekufa utanishukuru.

Kazini jitahidi kila baada ya masaa 3 hivi, usipokamua maziwa yanapungua na ziwa linajaa mpaka linauma. Na mjue haki yenu, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto, kwa hiyo kaa na bosi wako mpange, usiende kujificha chooni. Chooni sio pa kukamulia chakula cha mtu.

Hatua ya 3: gawanya na uandike
Weka kidogo kidogo, mililita 60 mpaka 120 kwa chombo kimoja, yani mlo mmoja. Ukijaza chombo kikubwa mtoto akanywa robo, kilichobaki ndo kinamwagwa hicho, na jasho lako unalijua. Bandika kipande cha plasta, andika na maka peni tarehe na saa. Saa usiiache, dada hawezi kukisia. Ya zamani yakae mbele yatumike kwanza. Na maziwa yaliyotoka sasa hivi usiyamimine juu ya yaliyokwisha kupoa, yapoze kwanza kwenye friji peke yake ndo uyachanganye.

Hatua ya 4: yakae wapi na kwa muda gani
Hapa ndo penye kesi. Kwenye meza, sehemu ya kivuli isiyozidi nyuzi 25, hesabu masaa 4 bas. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku baridi inang'ata kweli, ila hicho hicho chumba, bati juu na dirisha linapigwa na jua saa 8 mchana, ni habari nyingine kabisa, na friji linatakiwa liwe nyuzi 4, sasa niambie sebule gani Mbeya inakaa nyuzi 4 kutwa nzima. Hata Makete kwenyewe, kwenye baridi kutuzidi, usifanye dirisha kuwa friji.

Kwenye friji ni siku 4, yaweke ndani kabisa nyuma, sio mlangoni ambako kila mtu akifungua joto linaingia. Kile kiboksi cha barafu kilichopo ndani ya friji la mlango mmoja ni wiki 2. Friza lenyewe, lile la nyuzi 18 chini ya sifuri, miezi 6 ndo nzuri, na acha nafasi juu ya chombo maana yakiganda yanavimba. Huna friji? Deli lenye barafu za kutosha linakupa mpaka masaa 24 mradi barafu bado ni barafu. Gandisha maji kwenye chupa za nusu lita kwa jirani mwenye friza, zipange kuzunguka vyombo, na hilo hilo deli ndo unabebea maziwa kutoka kazini.

Haya ni ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati na ni mzima. Njiti au mtoto mgonjwa masharti yake ni makali zaidi, fuata ya nesi wa wodini. Na mama aliye kwenye ARV aongee na kliniki yake kwanza.

Hatua ya 5: kuyeyusha na kupasha
Yaliyoganda yatoe friza usiku yalale kwenye friji. Yakishayeyuka yote una masaa 24 humo kwenye friji, nje ni saa 1 au 2 tu, na usiyarudishe kuganda.

Kupasha: mimina maji ya moto ya chupa ya chai kwenye bakuli, ongeza ya baridi mpaka mkono wako ukae humo bila kuungua, kisha simamisha chombo cha maziwa humo, mfuniko umefungwa, maji yasifike kwenye mfuniko. Dakika chache tu. Usibandike jikoni, kutokota kunaua kinga zilizomo na kunapunguza vitamini, na maikrowevu usitumie kabisa, inapasha sehemu moja inaacha nyingine, mtoto anaungua ulimi. Utaona mafuta yamepanda juu kama krimu, sio kwamba yameharibika, zungusha chombo taratibu yatachanganyika. Harufu ya sabuni kidogo nayo ni kawaida, mafuta yanavunjika yakikaa. Yakinuka uchachu kweli mwaga. Kabla ya kumpa dondoshea tone ndani ya kifundo cha mkono, usikie vuguvugu tu. Na kama bibi bado ana wasiwasi na baridi, amvalishe mtoto kofia na soksi, asiingize jiko la mkaa chumbani, moshi wake usioonekana unaua familia.

Hatua ya 6: kumnywesha
Tumia kikombe kidogo. Mpakate akiwa amekaa wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yaguse mdomo, mwache alambe mwenyewe, usimmiminie. Siku za kwanza atamwaga mengi kwenye nguo, na mama akiwepo karibu atagoma kabisa, kwa hiyo ampe mtu mwingine na wewe utoke nje. Akishaanza kunywa, kinachobaki kitumike ndani ya masaa 2, baada ya hapo mwaga.

Umeme ukikatika
Usifungue fungue. Friji lililofungwa linashikilia baridi kama masaa 4, friza lililojaa mpaka siku 2, lililojaa nusu siku 1. Ukirudi umeme angalia chombo kimoja kimoja: chenye chembe za barafu bado kinaweza kurudi kuganda, kilichoyeyuka chote ila bado cha baridi kiende kwenye friji kitumike ndani ya siku hiyo, kilichopoteza ubaridi kabisa mwaga.